Hamiyani na Daftari: Mali ya Msafiri Tangu Zama za Misafara

 

Ndugu msomaji, nilikuwa nimeketi barazani pa msikiti mdogo wa Shishiyu, huku wilaya ya Maswa katika mkoa wa Simiyu, baada ya sala ya Alasiri. Watoto wa chuoni walikwisha kwenda zao. Akanijia mzee mmoja wa Kisukuma, mkulima wa pamba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiweka akiba ya kwenda kuhiji, na mwaka ule aliuza ng'ombe wake kadhaa ili nia itimie. Mkononi alikuwa na mkanda wa kitambaa cha kaki aliomshonesha fundi wa pale kijijini, una mifuko minne na vifungo vyake. Akaniamkia, kisha akauweka mkanda ule mbele yangu.

"Shehe wangu," akasema, "nimeambiwa mwenye ihramu havai kilichoshonwa. Huu nao umeshonwa. Basi fedha yangu nitaichukuaje?"

Swali lake lilikuwa moja katika ulimi, lakini yalikuwa maswali mawili. La kwanza ni la fikihi, na jawabu lake ni jepesi. Mkanda wa fedha, ambao Waarabu huuita himyani na wazee wetu wa pwani wakauita hamiyani, hauharibu ihramu. Bi Aisha (R.A.) aliulizwa juu yake naye hakuona ubaya, kwani mtu hana budi kulinda matumizi yake ya safari. Imepokewa mfano wa hayo kwa Ibn Abbas (R.A.), na maulamaa wetu wakaendelea hivyo. Nikamwambia, "Vaa, mzee wangu, wala usiwe na wasiwasi."

La pili ndilo lililotuweka barazani mpaka Magharibi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya: je, hamiyani yatosha? Mtu atokaye nyumbani kwake kwenda nchi za watu, asikojulikana, ambako fedha ya kwao haijulikani, mali yake imwandame vipi hata imfikie salama?

Kuna watu hudhani kuwa kulishughulikia jambo hili ni upungufu wa tawakuli. Hao na wakumbuke habari ya watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakisema wao wamemtegemea Mungu, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Ibn Abbas amesimulia kuwa ni kwa sababu yao ilipoteremka ile amri ya kuchukua masurufu, katika Suratul Baqara, aya ya 197. Na watazame pia vijana wa pangoni katika Suratul Kahf. Walikimbia kwa ajili ya dini yao, lakini walikimbia na fedha zao. Walipoamka na njaa, hawakwenda wote sokoni. Walimtuma mmoja wao na ile fedha, wakamwusia afanye mambo yake kwa upole wala asimjulishe mtu habari zao. Wafasiri wanasema kilichowatoa siri ni ile fedha yenyewe, maana ilikuwa na chapa ya mfalme aliyekwisha pita zamani, na mwenye duka akaistaajabia. Mtu aweza kuwa na fedha halali mkononi, nzima, ya madini safi, na isimfae kitu kwa kuwa mahali alipo haijulikani.

Jambo hili watu wa nchi hii ya Usukuma walilijua kabla yetu sote. Msomaji wa Lamu au wa Tanga akiitazama Simiyu leo ataona pamba na mtama na ng'ombe, akadhani ni nchi ya watu wasiosafiri. Sivyo. Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walikuwa wasafiri wakubwa. Waliteremka mpaka Bagamoyo na pembe na majembe, kwa miguu, miezi mitatu na zaidi, na misafara ya watu wa pwani nayo ikapanda kwa njia zile zile mpaka Unyanyembe, ndiyo Tabora, na Ujiji.

Sasa jiulize, watu wale walichukua nini kama fedha? Bara haikuwa na sarafu. Fedha yake ilikuwa nguo, ushanga na masango ya shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti. Kulikuwa na merikani, nguo nyeupe iliyotoka Marekani, ndiyo sababu ya jina lake. Na kulikuwa na kaniki nyeusi ya Uhindini. Henry Stanley, alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, aliwauliza wazee wa misafara akaambiwa kuwa watu mia watakula doti kumi kwa siku. Piga hesabu, msomaji: kwa mwaka mmoja ni doti 3,650, nazo ni chakula tu, bado hongo za watemi njiani. Na kila kilichochukuliwa kilikwenda juu ya kichwa cha mpagazi, ambaye mzigo wake ulikuwa yapata ratili 70. Kwa hiyo hao watu mia, sehemu yao kubwa walikuwa wamechukua fedha ya kuwalisha wao wenyewe.

Tena ushanga ulikuwa na taabu zake. Stanley huyo huyo ameandika kuwa ushanga mwekundu, ulioitwa samesame, ulipendwa Unyamwezi na mwingine ukakataliwa. Mweusi ulipita Ugogo, na kwingine haukuwa na thamani yoyote. Na ule mkubwa ulionunulia vitu Ujiji, ukiutoa mahali pengine watu hawakuupokea. Mtu aliyekosea kununua pale Unguja alikuwa amechukua mizigo ya bure. Nilipomweleza haya yule mzee wangu wa Shishiyu alicheka, akasema, "Kama shilingi yetu tukiipeleka Jeddah."

Pwani kwenyewe kulikuwa na sarafu, lakini nayo ilikuwa mzigo. Iliyotumika sana katika karne ya 19 ni riale ya Sham, yenye sura ya malkia wa Austria, Maria Theresa. Kila moja ilikuwa na mwaka 1780, hata zilizopigwa chapa miaka mia baadaye, kwa kuwa Waarabu na watu wa Habasha hawakuiamini yenye tarehe nyingine. Riale moja ina uzito wa gramu 28. Riale 1,000 basi ni kilo 28, karibu mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Huyo akitoroka usiku, utamtafuta wapi?

Kwa hiyo wafanyabiashara wakubwa hawakuchukua riale. Walichukua karatasi, na nyuma ya karatasi jina la mtu. Mtu wa msafara alikwenda kwa tajiri wa Unguja, akapewa nguo na ushanga kwa mkopo, deni likaandikwa, naye akalipa kwa pembe arudipo. Mashuhuri katika matajiri hao alikuwa Taria Topan, Mhindi wa Kikhoja, aliyepata kushika forodha ya Unguja. Huyo ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye ameyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili. (Na tusifiche, ndugu msomaji: katika mali za misafara ile ilikuwamo dhulma kubwa ya kuuza wanadamu. Hesabu ya hayo iko kwa Mola wao. Mimi hapa natazama namna yao ya kuweka na kupeleka mali.)

Burton na Speke walipopanda bara mwaka 1857 walikuwa na barua kutoka Unguja ya kuwajulisha kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa amekaa miaka mingi Unyanyembe. Walifika mwezi wa Novemba, na Musa mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Karagwe. Barua haikupotea bure: Snay bin Amir, Mwarabu wa Kiharthi, aliwapokea, akawapa nyumba, akawatengenezea mambo yao ya wapagazi na mizigo. Mwaka uliofuata Speke alikwenda kaskazini kupitia Usukuma, akaliona Ziwa pale Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Alipita magharibi ya hapa niandikapo.

Mambo haya hayakuzuliwa Unguja. Waislamu waliyajua tangu karne ya kwanza. Imesimuliwa kwamba Abdallah bin Zubayr (R.A.) alikuwa akipokea dirhamu za watu pale Makka, kisha akiwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakifika huko wakilipwa. Ibn Abbas akaulizwa juu ya jambo hilo, wala hakuliona kuwa na ubaya. Barua kama hiyo mafakihi huiita suftaja. Na Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, ameandika kuwa aliiona hati ya deni la dinari 42,000 baina ya mtu wa Sijilmasa na mtu wa Awdaghust, miji iliyotenganishwa na jangwa la Sahara. Dinari ya sheria ni gramu nne na robo ya dhahabu. Deni lile lilikuwa zaidi ya kilo 170 za dhahabu, nalo likavuka jangwa kwa kipande cha karatasi. Hati ya namna ile iliitwa sakk, na wako wasemao kuwa neno hundi ya benki kwa Kizungu, cheki, asili yake ni hilo.

Hapa madhehebu yetu ya Shafii yana neno, na sipendi nilipite. Sisi twasema mkopo ukishurutishwa kulipwa mji mwingine, kwa faida ya mkopeshaji kusalimika na hatari ya njia, basi haufai, kwa kuwa mkopo umemvutia manufaa. Wasiposhurutishana, hapana ubaya. Maulamaa wengine, na miongoni mwao ni Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali, waliona kuwa hapa wote wawili wanafaidika wala hakuna anayedhulumiwa, wakaruhusu. Nimelitaja hili kwa sababu wasomaji huniuliza juu ya ada ya kupeleka pesa. Ada inayojulikana tangu mwanzo, anayolipwa mtu kwa kazi ya kuipeleka amana yako, ni ujira. Ujira si riba.

Lakini karatasi bila ya mtu mwaminifu haikutosha zamani wala haitoshi leo. Tumsikilize Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331 na kufika Mombasa na Kilwa. Kabla ya hapo alitia nanga Mogadishu, akakuta mila ambayo nimeipenda tangu nilipoisoma kijana. Chombo kikifika, vijana wa mji hukiendea kwa vidau, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, humpa mmoja wa wafanyabiashara na kusema kuwa huyu ni mgeni wangu. Mgeni hateremki ila kwa mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye amuuziaye na amnunuliaye. Na mtu akimpunja mgeni bei, au akafanya biashara naye mwenyeji hayupo, biashara hiyo kwao haikubaliwi. Tazama jinsi mji mzima ulivyokuwa ni hamiyani ya mgeni!

Huyo huyo Ibn Battuta, katika miaka ya 1340, aliporwa na maharamia katika pwani ya Malabar, Uhindini. Walichukua vito alivyopewa na mfalme wa Ceylon, nguo zake na masurufu yake, wakamwachia suruali tu. Akarudi Calicut akaingia msikitini. Fakihi mmoja akampelekea kanzu, kadhi akampelekea kilemba, na mfanyabiashara mmoja akampelekea kanzu nyingine. Hapa ndipo tunapoiona hekima ya sheria kumweka mwana wa njia, ibn sabil, katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratut Tawba. Mtu aweza kuwa tajiri kwao, ana mashamba na nyumba, lakini hapo alipo mali yake haimfikii. Huyo ana haki ya zaka kwa kadiri ya kumfikisha. Sheria ilikwisha kujua kuwa kuwa na mali ni jambo moja, na kuifikia ni jambo jingine.

Wazee wetu wa pwani waliokwenda Jeddah kwa majahazi walikuwa na njia zao. Mwanamume alitia fedha katika kibindo cha kikoi na katika hamiyani. Mwanamke alifunga katika pindo la leso, na akiba kubwa aliivaa mikononi kwa vikuku vya dhahabu, ambavyo hapana nchi isiyovijua. Katika miaka ya 1950 walipata wepesi ambao wengi wameusahau: shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani moja na shilingi ya Kiingereza, na kuanzia mwaka 1951 hadi 1965 ndiyo iliyotumika hata Aden. Msafiri wa Mombasa au Unguja aliteremka bandari ya Aden akanunua tende na maji kwa fedha ile ile aliyotoka nayo nyumbani.

Na Saudia yenyewe iliona taabu ya mahujaji. Riyali ya zamani ilikuwa fedha nzito. Mwaka 1953 serikali ikatoa karatasi za riyali kumi zilizoitwa stakabadhi za mahujaji, zimeandikwa kwa Kiarabu na kwa lugha nyingine za wageni, ili haji asibebe mkoba wa sarafu baina ya Jeddah na Makka. Hazikukusudiwa kuwa fedha, zilikuwa risiti tu. Lakini watu wa Hijazi wenyewe walipoona wepesi wake wakazitumia mwaka mzima, hata zikawafunulia njia noti za riyali zilizokuja baadaye.

Kwetu mambo yalibadilika tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi na shilingi yetu wenyewe ikatoka. Tukapata fedha yetu, na hilo ni jambo la heshima kwa taifa. Lakini fedha za kigeni zikawa adimu, zikatolewa kwa kibali, na shilingi yetu haikuwa na mnunuzi nje ya mipaka. Mwenye bahati alipata hundi za wasafiri, zile zilizoanzishwa na American Express mwaka 1891: unatia sahihi yako mara ya kwanza unaponunua, na ya pili mbele ya mlipaji, naye hulinganisha. Mwizi akiiba hawezi kuiga, na ukiipoteza unarudishiwa. Leo hundi hizo karibu zimetoweka. Hali ile ya vibali ilidumu mpaka mwaka 1992, sheria ilipobadilishwa na maduka ya fedha za kigeni yakafunguliwa.

Katika miaka ile ya ugumu nami nilisafiri. Nitaieleza safari hiyo ingawa hainipi sifa. Ilikuwa mwaka 1989. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tukakusanya shilingi zetu tukampa mtu mmoja aliyeongoza kundi, atutafutie dola kwa njia zake. Njia yenyewe haikuwa ya sheria ya nchi, nalijua, na hilo ni kosa letu la kwanza. La pili lilikuwa langu zaidi ya wenzangu. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimedarsisha aya ya 282 ya Suratul Baqara, ile ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayoamrisha deni la muda liandikwe, dogo na kubwa, wala watu wasichoke kuliandika. Nikaieleza kwa ufasaha, watu wakanisifu. Kisha nikatoa akiba yangu yote kumpa yule bwana, na mmoja wetu aliposema tuandikiane, yeye akajibu, "Tuandikiane nini, nasi ni ndugu?" Nikaona haya. Nikanyamaza. Mimi, mwalimu wa aya ile!

Tulipofika Makka akatugawia, na kila mtu akakuta pungufu. Akasema bei ya dola ilipanda, na kwamba fulani alitoa kadhaa wala si kadhaa. Tukaanza kubishana, watu wenye ihramu, mbele ya nyumba tuliyopanga. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Katika sisi alikuwamo bibi mmoja mtu mzima asiyejua kusoma wala kuandika. Akafungua pindo la leso yake akatoa uzi wenye mafundo. Kila elfu moja aliyotoa alikuwa amefunga fundo. Akayahesabu mbele yetu, moja moja, polepole. Yule bwana akautazama uzi ule, akamlipa bibi haki yake yote. Sisi wasomi tukaishia kula kwa ihsani ya Waswahili waliokuwa wamekaa Jeddah, Mungu awalipe. Nilikuwa na nyumba kwetu na shamba la minazi, na nilikula zaka. Tangu siku hiyo nikifika katika neno ibn sabil mbele ya wanafunzi wangu, sauti yangu hubadilika, nao hawajui kwa nini.

Turudi kwa mzee wetu wa Shishiyu. Leo mambo mengi yamekuwa mepesi. Tangu mwaka 2007 huko Kenya, na 2008 hapa kwetu, pesa zinakwenda kwa simu, na wakala amekaa hata katika vijiji ambavyo havijaona benki. Lakini mzee alidhani kuwa simu ile itampa pesa Makka kama impavyo Maswa, na hapo ilibidi tuongee sana. Wakala wa kwetu hayuko Makka. Tena benki ikitaka kuhakikisha kuwa ni wewe, hupeleka tarakimu za siri kwa ujumbe katika laini ya kwenu, na laini ikiwa imezimwa au imeachwa nyumbani ujumbe haukufikii, nawe umesimama mbele ya mashine na mali yako yote iko upande wa pili wa bahari. Huyo ni ibn sabil wa zama zetu.

Basi tulifanya hivi. Gharama ya safari aliilipa kwa njia ya benki, wala si mkononi mwa mtu, akapewa risiti yenye muhuri. Tukaenda pamoja benki mjini Maswa, akachukua kadi, akaomba ifunguliwe kutumika nje ya nchi, na tukaijaribu pale pale katika mashine, kwani nilimwambia kadi isiyojaribiwa nyumbani ni ushanga usiojulikana sokoni. Namba ya siri aliihifadhi kwa kichwa. Aliichukua kutoka katika hesabu ya ng'ombe fulani anaowajua yeye, sikuuliza zaidi. Laini yake ya simu aliomba ifunguliwe kupokea ujumbe akiwa ugenini. Bintiye aliyeko Mwanza akaachiwa akiba kidogo, ili jambo likitokea aweze kumpelekea kwa kampuni ya kupeleka fedha, na mzee apokee kwa pasi yake.

Dola chache alinunua katika duka la fedha lenye leseni, akachagua noti mpya na safi, kwani noti kuukuu au iliyochanika wabadilishaji huipunguza bei au huikataa, na hapo tukamkumbuka kijana wa pangoni. Kubadilisha dola kwa riyali hakumtii mtu hofu: tangu mwaka 1986 dola moja imewekwa kuwa riyali tatu na robo tatu, kwa hiyo akiambiwa pungufu sana ajue anapunjwa. Nikamwusia kuwa asichukue yote kwenda nayo kwenye tawafu. Penye msongamano wa watu ndipo palipo na mikono ya wezi, hata mbele ya Al-Kaaba, na hilo si jambo jipya. Katika hamiyani iwemo ya siku moja au mbili, kadi ikae mbali na dola, na nakala ya pasi ikae mbali na pasi.

Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza, "Na wenzangu wa kundi je? Wao wanasema tuchange fedha ya chakula, ashike mmoja." Nikamwambia wachange, ni jambo jema, na mchukuzi wa amana ana ujira kwa Mola wake. Lakini iandikwe.

Siku ya pili akarudi na daftari la shule, la kurasa 48, la mjukuu wake. Alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza uzeeni: jina la kila mmoja, kiasi alichotoa, tarehe, na jina la aliyeshika. Chini ameandika madeni yake mwenyewe ya Shishiyu, ya mbegu na ya dukani, ili Mungu akimchukua huko warithi wajue. Akaniomba niandike jina langu pembeni kuwa shahidi.

Nikaomba kalamu, nikaandika.